Nilivyopima giza la Umoja

Ukiambiwa upakue programu ya simu ya kupima mwanga ili upime anga la usiku, mshukuru aliyekuambia kisha uendelee na shughuli zako. Mimi nilipanda hadi juu ya paa la ploti yetu, jengo la kupanga hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, nikaelekeza simu mbinguni, ikasoma sifuri. Sifuri! Na hapo hapo nilikuwa naona vibanio vya nguo za jirani, kimoja kimoja, na rangi zake. Kihisi cha simu kazi yake ni kurekebisha mwangaza wa kioo tu.

Nikaagiza kifaa chenyewe, Sky Quality Meter, kutoka Kanada. Pamoja na usafirishaji na ushuru kilinitoka elfu ishirini na kitu. Hiyo "na kitu" mke wangu bado hajaijua. Ni kiboksi cha kushikwa kiganjani, chenye kitufe kimoja na namba nyekundu. Namba ikipanda, giza limezidi. Anga lisilo na taa wala mwezi hukaribia 22, na kwa kila namba moja unayoshuka, mng'ao huongezeka takriban mara mbili na nusu.

Usiku wa kwanza nilipata 14 na ushee. Nikaona nimegundua anga bovu kuliko yote Afrika Mashariki, nikamwandikia rafiki anayefundisha fizikia. Akaniuliza tu, "Mwezi uko wapi?" Ulikuwa utosini kwangu, mviringo kama chapati. Isitoshe, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye taa ya mulika mwizi ya mwenye nyumba. Nilipima taa, si anga.

Nikangoja mwezi upotee. Nairobi jua huzama kama saa 12 na nusu, na weupe wake humaliza saa nzima na zaidi kabla ya kuisha, kwa hiyo nilipanda saa 2 usiku. Mawingu yakiwepo, usijisumbue: mjini yanarudisha mwanga wa taa chini. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, nikatupa kipimo cha kwanza, nikachukua wastani wa vilivyofuata. 17.6. Baadaye nilikipeleka kifaa Magadi, mbali na taa za mji, kikasoma 21.4. Hesabu yake ni kwamba anga letu linang'aa zaidi ya mara 30 kuliko la kule.

Mama wa ghorofa ya tatu alinikuta nikishuka. "Kijana, unapimia mvua huko juu?"

"Napima giza, mama."

"Giza la hapa? Si utarudi mikono mitupu."

Watoto ndio walioelewa upesi. Niliwaonyesha Kilimia, zile nyota ambazo wakulima wa zamani walikuwa wakizitazama kujua majira. Wawili walihesabu tatu, mmoja akasema ni wingu. Magadi nilihesabu sita bila kukodoa macho.

Kazi ilikuwa kumshawishi yule mzee, soja wa lango, tuikinge taa yake isimulike juu. "Ukifunika hii taa, kijana wangu, mwizi atakushukuru." Sikubishana naye. Usiku uliofuata nilimficha mpwa wangu ukutani, chini kabisa ya ile taa, nikamwomba mzee atazame upande ule. Kuna mtu? "Hakuna." Nikamwambia aikinge taa kwa kofia yake, ising'ae machoni. Akainua kofia, akanyamaza. Mpwa wangu alikuwa pale pale, meno yote nje, amekumbatia thamosi ya mzee mwenyewe. Na chai alikuwa ameshaonja! Hilo la thamosi sikumtuma mimi, lakini sifa nilizichukua.

Kesho yake tulikata mkebe mtupu wa rangi wa lita 20, tukaufunga juu ya taa kwa waya, tukaacha nafasi ya joto kutoka. Mwanga ukaanguka langoni, na madirisha ya ghorofa ya pili yakapata usingizi. Anga nalo? Nilipanda kupima kwa mbwembwe: 17.6. Mkebe mmoja mbele ya Nairobi nzima, nilitarajia nini?

Sasa mzee anataka mwingine wa taa ya nyuma, na anawaeleza masoja wa ploti jirani kwamba wazo lilikuwa lake. Mkebe sina. Nimemwambia amshawishi mwenye nyumba apake ngazi rangi kwanza.