Korongo wa Kuita Wenzake

Konokono walikuwa nusu karai na kazi yangu ilikuwa kuwapasua. Mjomba alinipa jiwe la kutosha kiganja akanionyesha: unagonga mara moja tu, kwa nyuma, gamba linapasuka na nyama inabaki nzima. Ukizidisha nguvu inakuwa uji, na korongo hataki uji. Ilikuwa Desemba 2010. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili Kisumu, mama akanituma Bunyala kwa kukhu, bibi yangu, nikakae huko mpaka shule zifunguliwe. Bado kulikuwa giza. Mjomba alichuchumaa upande wa pili wa karai, tochi ameibana kwapani, mkononi ana mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa kwa uzi.

"Wewe usiguse hii," alisema. "Pasua tu. Kutia nitatia mwenyewe."

Alitia kwa kijiti. Punje zilikuwa za zambarau, ndogo kama mchanga wa ufuoni, na kwenye mwanga wa tochi niliziona nzuri. Ilikuwa kabofurani, dawa iliyotengenezwa kuua wadudu na minyoo wanaoshambulia mizizi ya mimea. Kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilikuwa imeiondoa sokoni Kenya mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani kuonyesha jinsi simba wetu walivyokuwa wakiuawa kwayo. Bunyala ilikuwa bado inapita mkono kwa mkono. Mjomba aliipata kwa nani sikumuuliza. Mtoto hamuulizi mjomba wake mambo kama hayo.

Asiyefika Bunyala afikirie mahali mto umechoka. Nzoia unashuka kutoka milima ya Cherangani na Elgon, ukifika karibu na Ziwa Victoria unakosa pa kukimbilia, unatanda. Mashamba ya mradi wa mpunga yamekatwa miraba hapo, matuta yamepita katikati, na maji yakifunguliwa konokono hujaa. Wakijaa konokono, korongo huja.

Korongo ninayemsema si yule wa majalalani Kisumu, mwenye upara na mfuko shingoni. Huyu ni mwembamba, mweusi mwili mzima, lakini jua likimpiga manyoya yake yanatoa kijani na zambarau kama shingo ya jogoo mweusi. Mdomo wake haufungi katikati. Ncha zinakutana, lakini nyuma yake pana uwazi ambao unaweza kuona mwanga kupitia kwake. Kifaranga huanguliwa na mdomo ulionyooka kama wa ndege mwingine yeyote. Uwazi huo huja na umri, akishakuwa mla konokono kamili.

Mjomba alikuwa naye mmoja aliye hai. Alimwita "wa kuita". Alimnasa miezi kadhaa kabla sijafika, akamkata manyoya ya mabawa, na usiku alimlaza jikoni kwa kukhu chini ya tenga. Asubuhi ile alimbeba kwapani kama kuku wa kupelekwa sokoni, akamfunga mguu kwenye kigingi katikati ya shamba lenye maji, akatawanya konokono wetu kumzunguka, kwa mbali kidogo asiweze kuwafikia. Tukalala kifudifudi nyuma ya tuta.

Nilitarajia ndege yule apige kelele. Hakupiga. Kuita kwake kulikuwa kusimama tu. Korongo aliye angani akimwona mwenzake ametulia majini, anajua hapo pana chakula na pana amani.

Walikuja jua likichomoza, saba kwanza, halafu wengine. Walitua miguu mbele, wakakunja mabawa, wakaanza kuokota. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Nilimfuata mmoja kwa macho, aliyekuwa karibu nasi kuliko wote. Aliinua bawa la kushoto, likafika katikati likaanza kutetemeka. Akalishusha, akajaribu tena. Mate yalikuwa yanamdondoka mdomoni kwa uzi mrefu. Magoti yakalegea, akakaa majini kama kuku anayeatamia, na kichwa kikawa kinazama polepole, kinainuka, kinazama. Yule wa kuita alikuwa amesimama katikati yao, akigeuza shingo huku na huku.

Mjomba akaruka na kisu. Lazima wachinjwe kabla hawajafa, damu itoke. Alikuwa na kasi ya ajabu, na hakuwa mkatili. Nasema hivyo kwa sababu nilimwona usoni. Alikuwa na sura ya mtu anayevuna mvua ikikaribia.

Alipomaliza ndipo tulimwona kijana anakuja juu ya tuta akikokota baiskeli, darubini shingoni. Mashamba ya pili watu walikuwa wameshatawanyika, maana ilisemekana ni askari wa wanyamapori. Mjomba hakukimbia. Nadhani ni kwa sababu yangu, nisingeweza kukimbia naye kwenye tope lile.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri. Kama umekuja kunikamata nikamate, lakini mtoto huyu mwache aende nyumbani."

"Sijaja kukamata mtu, mzee. Nimekuja kuhesabu."

Akalaza baiskeli, akavua viatu, akaingia majini mpaka tulipokuwa. Alichuchumaa kama tulivyochuchumaa sisi alfajiri. Aliokota gamba moja akaligeuza. "Korongo mwenyewe mara nyingi hapasui," alisema. "Anatoa nyama, gamba linabaki zima. Nikikuta yaliyopasuka najua pana mtu." Hakunitazama aliposema hayo, lakini ute wa konokono ulikuwa umenikaukia vidoleni na nilificha mikono nyuma.

Kwenye tope la pembeni, jirani alikokuwa amemwaga mpunga wenye dawa, kulikuwa na ndege wadogo wa kahawia wenye shingo ndefu kidogo. Wanne walikuwa wameachwa katika mbio za kukimbia. Kijana aliokota mmoja akaniwekea kiganjani. Alikuwa mwepesi kuliko embe. "Huyu huzaliwa Siberia, au kaskazini ya Ulaya," aliniambia. "Kwao kukiwa baridi anashuka mpaka hapa. Mwezi wa nne au wa tano anarudi." Nilikuwa nimesoma Siberia kwenye jiografia, sikuwahi kufikiri kuna kitu kinachoweza kutoka huko kikanifikia mkononi.

Halafu akamwambia mjomba kwamba punje moja inatosha kumuua ndege mdogo, na kwamba Wamarekani wenyewe walianza kuziondoa punje hizo mashambani mwao miaka ya 1990 kwa sababu ya ndege waliokuwa wakifa.

"Na huko ndiko zilikotoka?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Huko."

Mjomba alinyamaza kwa muda. Alipanga korongo kwenye gunia mmoja mmoja, vichwa upande mmoja. "Wewe umesoma, na unasema vizuri," alisema mwishowe. "Lakini Nzoia ukivunja kingo hutuoni tunavyolala na mbuzi juu ya tuta. Mpunga nilipanda, maji yakachukua. Huyu unayemwona hapa, mtoto wa dada yangu, nusu ya ada yake iko kwenye gunia hili."

Sikuwa najua. Mama hakuwa ameniambia. Nilijua ada inatoka "nyumbani", na nyumbani kwangu ilikuwa neno lisilo na damu.

Kijana hakumjibu. Alitoa daftari lililofungwa kwa nailoni, akalifungua gotini. "Ni wangapi leo?"

Mjomba angeweza kusema watatu. Gunia lilikuwa limeshafungwa. "Kumi na saba," alisema. "Huyu wa kuita usimtie."

Nimewaza sana juu ya jibu hilo. Tangu siku hiyo nimekutana na watafiti, maafisa, wafadhili, na watu wanaokuja na magari kuwaambia wanakijiji waache. Kazi ya wengi wao ni njema. Lakini aliyepewa hesabu ya kweli na mjomba ni yule aliyevua viatu.

Kukhu hakuruhusu mgeni apite nyumbani kwake bila kunywa kitu, kwa hiyo saa sita kijana alikuwa chini ya mwembe wetu na kikombe cha uji. Korongo walikuwa wameshapelekwa sokoni, isipokuwa wawili wa kuliwa nyumbani. Matumbo yalikuwa shimoni nyuma ya jiko, yamefukiwa juujuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya pale: sumu inakaa tumboni, ukitoa matumbo nyama ni safi. Kila mtu aliisema, na kila mtu alikula. Mimi nilikuwa nimekula wiki nzima tangu nifike, nikidhani ni bata.

Mwewe alikuwa ameshuka shimoni mara mbili. Nilimwona akiondoka na utumbo ukining'inia, na sikuona ajabu, mwewe ni mwewe. Mara ya tatu aliruka mpaka juu ya paa, akapinda, akaanguka kwenye mkeka wa mihogo ya kukhu iliyokuwa imeanikwa uani.

Kijana alimchukua akamlaza mapajani. Mdomo ulikuwa wazi, jicho linafunga na kufunguka. Lakini mimi nilichotazama ni miguu. Makucha yalikuwa yamekunjwa kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende, yamekazwa mpaka ncha zimeingia kwenye nyama yake mwenyewe. Kijana alijaribu kuyafungua. Alianza na la nyuma, akalinyoosha taratibu, akashika la pili, na alipofika la tatu la kwanza likawa limeshajikunja tena.

Alinieleza huku akiendelea, kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki ndege asikie. Kwamba mishipa ya fahamu inauambia msuli ukaze, halafu kuna kimeng'enya kinachofuta ule ujumbe ili msuli ulegee. Kwamba dawa hii inakifunga hicho kimeng'enya. Msuli unaambiwa kaza, kaza, kaza, na hakuna wa kuuambia legea, mpaka misuli ya kuvuta pumzi nayo ishindwe. Iko dawa ya kupambana nayo, atropini, lakini iko hospitalini, haikuwa kwenye mkoba wa baiskeli. Shuleni tulikuwa tumesoma vimeng'enya vya mate na vya tumbo, nikavikariri kwa ajili ya mtihani.

Kukhu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Huyu amekula matumbo tu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tunaokula nyama?"

"Mama, kwa mtu inafanya vilevile. Tofauti ni kiasi."

Mwewe alikufa kabla uji haujapoa. Kijana aliandika: mwewe, mmoja. Kukhu alikunja mkeka mzima na mihogo yake, mihogo ya siku tatu, akaenda kuufukia shimo refu mwenyewe, akikataa nimsaidie. Jioni alipika mrenda na ugali. Mjomba alichoma korongo wake nje, akala peke yake akiwa ametupa mgongo, na hakuna aliyemsemesha.

Mjomba aliacha kazi hiyo miaka michache baadaye, alipopata pikipiki ya bodaboda. Ningependa kuandika kwamba aliacha kwa sababu ya mwewe, lakini aliacha kwa sababu ya pikipiki. Watafiti walizidi kuandika juu ya Bunyala, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaja na adhabu nzito. Mimi kila Januari, wakati wa hesabu ya ndege wa majini, huwa Dunga karibu na Kisumu na darubini ya kuazima, nikisubiri yule ndege wa mafunjo mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye mafunjo yakichomwa na kukatwa yote hana kwingine pa kwenda. Naandika idadi kwenye daftari lililofungwa kwa nailoni. Mjomba hunipigia simu siku hizo kuuliza nimefika wangapi.

Usiku ule wa mwewe sikulala. Alfajiri, kabla mjomba hajaamka, nilikwenda mferejini nikaokota konokono sita wazima, nikaingia jikoni nikafunua tenga. Korongo alisimama akanitazama. Pale kamba ilipozunguka mguu ngozi ilikuwa imechubuka, pana mstari mwekundu mzima kama bangili. Nilimwekea konokono wa kwanza sakafuni. Aliinamisha shingo, akambana kwa ncha ya mdomo wa juu dhidi ya udongo, na ule wa chini ukaingia kando ya kifuniko cha gamba, ukatikisika mara mbili tatu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nyama ikatoka nzima. Akameza. Gamba lilibaki pale halina hata ufa.

Alikula wote sita. Niliyakusanya magamba nikayatia mfukoni. Kisu cha kukhu kilikuwa juu ya figa, karibu na mkono wangu, na nje kulikuwa bado giza.

Kamba sikuikata. Nilirudisha tenga nikaenda kuchota maji. Zilikuwa zimebaki wiki tatu shule zifunguliwe, na ada haikuwa imetimia.