Kabla sijajaza fomu ya udaktari wa mifugo

Dirisha la maombi ya vyuo limefunguliwa, na nyumbani swali ni lile lile: kwa nini mifugo, kwa nini usiende udaktari wa watu? Mwaka jana ningejibu kwamba napenda wanyama. Sasa naona jibu hilo halitoshi.

Tangu nimalize kidato cha sita nafuatana na daktari mmoja wa mifugo huku Arumeru. Hakuna aliyeniagiza. Ukiomba Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanachoangalia ni ufaulu wako, Baiolojia na Kemia zikiwa mbele. Hawakuulizi kama umewahi kushika kamba ya ng'ombe. Marekani vyuo vingi humtaka mwombaji aonyeshe saa alizofanya kazi na wanyama. Kwa kuwa sisi hatulazimishwi, naona heri mtu ajilazimishe mwenyewe. Shahada hii ni miaka mitano, na mtu asiifikie nusu ndipo ajue kwamba kazi hii haimfai.

Kazi zangu ni ndogo: naosha vifaa, nashika kamba, naandika daftari, napima joto. Sindano siigusi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetibu awe amesajiliwa, na daktari hana mchezo kwenye hilo. Mbwa nao sikuruhusiwa kuwashika mpaka nilipochanjwa kichaa cha mbwa, maana dalili zake zikishamtokea mtu, kupona ni kwa nadra mno.

Juma hili tuliitwa kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili wa maziwa wa kufugia bandani. Mmoja amesusa majani.

"Shikamoo, mama. Ameanza lini?"

"Marahaba. Jana jioni tu, daktari."

Daktari hakuandika kitu. Aliuliza maziwa ya juzi yalikuwa lita ngapi, na majani yanakatwa wapi, na nani. Polepole ikajulikana kuwa maziwa yalianza kupungua siku kadhaa nyuma, na kwamba tangu mvua zikatike majani yanaletwa kutoka bondeni, wanakopita ng'ombe wa kuchungwa.

Nikapima joto: 41.3. Ng'ombe mzima huwa kwenye 38.5 hivi. Daktari akauchukua mkono wangu akauweka mbele ya bega la ng'ombe, nikaigusa tezi iliyovimba, kubwa kama yai la bata, inateleza chini ya ngozi. Ndani ya sikio, kupe wa kahawia wamejipanga. Ndigana kali. Njiani alinieleza kwamba vimelea vinavyoletwa na kupe huyo huingia kwenye seli nyeupe za damu na kuzifanya zizaliane ovyo, ndiyo maana tezi huvimba. Ugonjwa ukiachwa, mapafu hujaa maji na mnyama hufa akitweta.

Dawa ipo, nayo husaidia sana ikiwahi. Mama akauliza bei, akanyamaza. Kisha akaambiwa maziwa yasiuzwe mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

"Na ada ya mtoto, daktari?"

Hakumkemea, wala hakulegeza neno kuhusu maziwa. Alikalia ndoo, wakapanga: kiasi leo, kilichobaki mwisho wa mwezi, na ng'ombe wa pili anyunyiziwe dawa ya kupe siku hiyo hiyo. Ndama akazungumziwa pia, kwamba achanjwe. Wafugaji wengi wa Kimasai huku kaskazini wamekuwa wakichanja ndama wao dhidi ya ndigana kwa miaka. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko tiba yenyewe.

Hilo sikulijua nilipokuwa nasema napenda wanyama. Mgonjwa hasemi, anayesema kwa niaba yake ana hofu na ana madeni, na tiba yote inapita mfukoni mwake. Nimejiuliza kama naweza kuifanya kazi hiyo kila siku, hata kwenye boma ambalo ng'ombe hatapona. Naitaka.

Jana tulirudi. Joto limeshuka hadi 39.2 na ng'ombe anacheua.

Wenzangu mnaosubiri matokeo, ulizeni ofisi ya mifugo ya kata au duka la dawa za mifugo lililo karibu nanyi. Nendeni na gambuti na daftari, na mwombe kushika kamba tu kwanza. Mimi fomu nitaijaza Jumatatu, na udaktari wa mifugo utakuwa chaguo la kwanza.