Nilivyoikamata haidrojeni ikigeuza usumaku wa nikeli

Filamu yangu ya nikeli, tabaka nane au tisa tu za atomi juu ya fuwele ya shaba, ilikuwa kigeugeu. Ukiipima ikiwa mpya, usumaku wake umelala sambamba na uso. Ukienda kula ukarudi, umeanza kusimama wima, na hakuna aliyeigusa.

Kwenye filamu hii kuna mvutano. Ubapa wake unataka usumaku ulale. Atomi za nikeli nazo zimetanuliwa kwa asilimia 2.5 hivi ili zikae sawa na zile za shaba, na mtanuko huo unausimamisha. Uso mtupu unaunga mkono kulala, ndiyo maana filamu safi husimama ikishakaribia tabaka 11. Sasa molekuli ya haidrojeni ikitua juu ya nikeli hupasuka, atomi zake zikaungana na elektroni za uso, na nguvu ile ya kulaza ikapungua. Mpaka huo wa unene ambapo usumaku husimama unashuka hadi karibu tabaka 7. Filamu ya tabaka nane imekaa katikati ya ugomvi.

Na haidrojeni haikosekani. Hutoka ndani ya chuma cha pua cha chemba yenyewe ya ombwe ninamoweka filamu, hata uvute hewa namna gani. Hata kwenye kanieneo ya 10⁻¹⁰ torr, yaani karibu utupu kabisa, saa tatu hivi zinatosha uso kugongwa na molekuli za kuujaza. Kuoka mtambo kwa nyuzi 150 kulinipa nafuu, lakini kilichonitoa ni kabari. Wakati nikeli inatua, nilisogeza kizuizi polepole mbele ya shaba, filamu ikawa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Unene wote nikawa nao kwenye sampuli moja, na mpaka ukawa mahali ninapoweza kupafikia kwa leza.

Nilipoza kwa naitrojeni kimiminika, nikaweka leza palipokuwa na tabaka nane, nikafungua vali ya haidrojeni kidogo hadi 10⁻⁸ torr. Mwanga unaorudi kutoka kwenye sumaku hugeuza mwelekeo wake wa mtetemo kwa sehemu ndogo sana ya digrii, athari aliyoigundua mwanafizikia John Kerr. Nikawa napandisha na kushusha uga wa sumaku wima kwenye filamu, huku skrini ikichora mgeuko huo dhidi ya uga. Mwanzoni kulikuwa na mstari wa mshazari tu, yaani usumaku bado umelala. Baada ya dakika mbili hivi ukafunguka katikati, kona zikachomoza, likawa boksi la mraba kabisa: usumaku umesimama. Nilipoisogeza leza, mpaka ulikuwa umehamia kwenye wembamba.

Nikafunga vali, nikapasha sampuli kupita kidogo joto la chumba. Haidrojeni ikaondoka, mpaka ukarudi ulikokuwa. Moto zaidi siutaki, shaba itapanda ichanganyike na nikeli. Kaboni monoksaidi nayo huuhamisha mpaka huo, ila imeshika kwa nguvu zaidi na haitoki kwa joto dogo hivyo. Nikiitumia, nasafisha fuwele na kutengeneza kabari mpya.