Umejuaje kuwa ni changu?

Nimerudi kutoka Sikonge, mkoani Tabora, tangu Jumatano na begi bado sijalimaliza kulifungua. Jumamosi tulikwenda kumposea Elia, mahari ikapatana bila ule mvutano ambao shangazi alikuwa ameutabiri, na jana nikapokea barua ya kuthibitishwa kazini niliyoingoja kwa miaka miwili. Hayo nayataja ili yasije yakalalamika kwamba yamesahauliwa. Kinachonikosesha usingizi ni swali la mzee mmoja mrina asali, ambaye tulimkuta ameketi chini ya mti wa mtundu, akisokota kamba ya gome la mti.

Tulikwenda kule, kama nilivyoeleza mwezi uliopita, kulinganisha maeneo yaliyoungua na ramani zetu za kaboni monoksidi. Kwa kujiamini kwa mtu aliyezoea kuongea mbele ya slaidi, nilimweleza mzee kwamba moto wa misitu ya miombo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba sisi tunaipima kwa chombo kilichoko angani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kuinua macho:

"Mwanangu, kitu hakionekani, hakinuki. Sasa umejuaje kuwa ni changu?"

Nikakimbilia mfano wa jiko, kama ninavyofanya kila mara. Nikamwambia, "Baba, ni hewa ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani."

"Hiyo naijua. Ndiyo maana jiko tunalitoa nje." Akaivuta kamba kuijaribu kama imekaza. "Na pori je, tulitoe wapi?"

Vijana waliokuwa karibu waliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kwenye daladala.

Safari nzima ya kurudi nilikuwa nikitunga majibu, na kila jibu lilivunjika kabla ya kituo kilichofuata. Kifaa tunachokitumia zaidi, TROPOMI, kimo ndani ya setilaiti ya Sentinel-5P iliyorushwa Oktoba 2017. Hakinusi chochote. Kinasoma mwanga wa jua uliopiga ardhini na kurudi juu, kisha kinaangalia ni kiasi gani cha mwanga huo kimemezwa njiani na kaboni monoksidi, kuanzia majani ya chini hadi ukingo wa anga. Kipande kidogo kabisa kinachoweza kukitofautisha kina upana wa kilomita kama 5 kwa 7. Katika kipande hicho anaweza kuwamo mzee wangu, mfugaji anayetaka majani mapya, mkulima anayesafisha shamba, mchoma mkaa na mwindaji, na chombo kikawasoma wote kama mtu mmoja. Isitoshe, hewa hii hukaa angani wiki kadhaa, hata mwezi mmoja au miwili, kabla haijasafishwa. Upepo wa kiangazi huku huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo sehemu ya ninachokisoma juu ya Sikonge inaweza kuwa imetoka Lindi au Msumbiji, na cha Sikonge kikaenda kuhesabiwa Kongo.

Nililala na swali lake, nikaamka nalo. Kilichoniuma, nikiri, ni kwamba wenzangu walilisikia.

Alhamisi usiku, nikiwa nasafisha data, niliangalia saa ya kupita kwa setilaiti na nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Kwa kuwa inategemea mwanga wa jua, inatuletea kipimo chake cha mchana, muda mfupi baada ya jua kupita utosini. Mzee naye anarina usiku, nyuki wanapokuwa wapole, akiwa na kienge chake cha majani. Chombo ninachokitegemea hakijawahi hata mara moja kumwona akiwa kazini! Sisemi kwamba vienge havina kosa. Cheche ikidondoka na kujificha kwenye gogo, kesho yake gogo litakuwa bado linafuka, na gogo linalofuka hutoa kaboni monoksidi nyingi zaidi kwa kila kilo inayoungua kuliko nyasi kavu zinazowaka kwa ndimi na kwisha, kwa sababu halipati hewa ya kutosha kuungua vizuri. Lakini kutoka kwenye moshi huo wa mchana kurudi hadi kwenye mkono ulioshika kienge, sina njia.

Na hili limekuwa hivyo tangu mwanzo. Novemba 1981 Wamarekani waliporusha chombo cha MAPS ndani ya chombo cha anga Columbia ili kupima hewa hii kutoka juu, wengi walitarajia kuiona zaidi juu ya nchi za viwanda na magari ya kaskazini. Waliikuta pia kwa wingi katika ukanda wa tropiki, Afrika ikiwemo, nayo ilitokana na uchomaji wa nyasi na misitu. Tangu hapo sisi ni washukiwa wa kudumu, na kwa jumla yake hesabu haituonei, kwa sababu hakuna bara linaloungua eneo kubwa kuliko letu kila mwaka. Ila "sisi" ni wengi mno.

Katika rasimu ya ripoti nilikuwa nimeandika "moto wa warina asali" kuwa chanzo kikuu. Hakuna aliyenituma, nilikisia tu, na nikakisia kwa sababu ndio tuliowakuta njiani. Nimefuta. Mahali pake nimeandika kwamba chanzo hakikubainishwa, na bosi atanung'unika, kwani wafadhili hawapendi sentensi ya namna hiyo. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyelipa deni.

Ijumaa nilimsimulia mama kwa simu maneno ya mzee kuhusu jiko. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema yeye siku hizi halitoi nje, analisogeza tu mlangoni, maana baridi ya Njombe mwaka huu imepita kiasi. Nilimgombeza, akabadili mazungumzo akauliza habari za mchumba wa Elia. Jioni hii nimempigia mara tatu na simu haipatikani. Pengine ni chaji. Namba ya jirani yake ilikuwa kwenye ile simu yangu ya zamani, na sikumbuki niliiweka wapi.