Siku saba na mdogo wangu: Tanga, Lushoto, Bagamoyo

Mdogo wangu anaishi Muscat, na safari hii alipata siku saba tu, Jumamosi hadi Ijumaa. Tanga waja leo waondoka leo, ndivyo tunavyotaniwa, lakini yeye alitaka asalimie wazee hapa nyumbani, aogelee Pangani, apande Lushoto, kisha aione Bagamoyo ambayo hajawahi kufika. Inawezekana bila kukimbizana, ila ratiba iandikwe kinyumenyume, kuanzia ndege ya kuondokea.

Tiketi yake ya kurudi ilisema Jumamosi, 00:40. Hapo ndipo wengi hupotea. Hiyo ni saa 6:40 ya usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa jioni mtu ameshafika uwanjani. Wazee wetu wangeuita usiku wa Jumamosi. Kijana akiusikia hivyo anapakia begi Jumamosi yenyewe, ndege ikiwa imekwenda zamani. Kwenye ratiba niliandika: "Ijumaa, saa 3:40 usiku, awe uwanjani." Ni muda wa saa tatu kamili kabla ya ndege kuruka. Tiketi za mabasi nazo zinahitaji macho hayohayo: 06:00 ni saa 12 asubuhi, si saa 6.

Kutoka hapo nikarudi nyuma. Mji wa mwisho lazima uwe ule ulio karibu na uwanja. Bagamoyo ni kama kilomita 70 kutoka Dar, Tanga ni 350 hivi. Ukiiweka Tanga mwishoni, pancha moja Segera inaweza kukukosesha ndege. Kwa hiyo alipotua Jumamosi asubuhi alikwenda moja kwa moja stendi ya Magufuli, Mbezi, akapanda basi la Tanga, na jioni akashuka stendi ya Kange. Basi huchukua saa tano hadi sita. Ndege ikitua baada ya saa 8 mchana, ni afadhali mgeni alale Dar, maana saa mbili huliwa na mabegi na foleni kabla hajaiona stendi.

Jumapili na Jumatatu zilikuwa za nyumbani na Pangani, na kipi kitangulie kiliamuliwa na mwezi, si sisi. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni fungu la mchanga tu, hakuna mti hata mmoja, na maji yakijaa sana mchanga wenyewe unamezwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, kwetu maji hupwa kuelekea saa 4 au saa 5 asubuhi. Hiyo ndiyo siku yako: mashua itoke saa 2, fungu likiwa linaanza kutokeza, na muwe njiani kurudi kabla ya saa 7. Kila siku inayofuata kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo hata siku mbili zinaleta tofauti. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, asubuhi maji huwa yamejaa, na japo bahari haipandi sana, fungu linabaki dogo na hamna pa kutandika hata kanga. Tuliichagua Jumatatu kwa hesabu hiyo. Beba kofia, maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu, na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, kwa sababu kivuli pekee ni cha mashua. Maziwe ni hifadhi ya bahari na ina kiingilio; malipo haya hupitia namba ya kumbukumbu kwenye simu, na Mtanzania hatozwi sawa na mgeni wa nje. Mwenye pasipoti ya Tanzania aibebe. Lafudhi ya Kitanga peke yake haitoshi. Wakati wa kurudi simameni Tongoni, kama kilomita 17 kabla ya mjini, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Nusu saa inatosha.

Lililonisumbua kuliko yote ni masanduku. Alikuja na mawili, mojawapo nusu yake halua. Tukitoka Tanga haturudi tena, na sanduku la kilo 23 ndani ya haisi ya kwenda Bagamoyo ni ugomvi na kila abiria. Nililituma lile kubwa kama kifurushi kwa basi hadi Dar, kwa binamu yetu. Kabla ya kulikabidhi nililipima, nikalipiga picha likiwa wazi na likiwa limefungwa, nikaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito juu ya karatasi ya gundi, na karatasi nyingine kama hiyo nikaiweka ndani. Ya nje hubanduka. Stakabadhi niliipiga picha nikamtumia binamu. Pasipoti, dawa, fedha na kompyuta haviingii humo hata kama karani anakuhakikishia. Tuma Jumatatu, si Alhamisi, ili kifurushi kikichelewa uwe na siku za kukifuatilia. Kilichobaki kilikuwa begi moja la mgongoni kwa kila mtu.

Jumanne tulikwenda Lushoto kwa basi la moja kwa moja: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu kilomita 33 za kona hadi juu. Mtu aliyezoea barabara zilizonyooka atatapika kama amekula chapati na supu pale Mombo. Ale ndizi, akae mbele, afungue dirisha, na simu aiweke mfukoni hadi Soni ipite. Wakati wa masika epuka kupanga mpando huu siku ya kubana, kwa kuwa mawe na udongo huporomokea barabarani. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi. Mtu wa Muscat alicheka nilipomwambia abebe sweta, na usiku aliivaa yangu. Irente, penye mwamba wa kutazamia tambarare, kilomita tano au sita kutoka mjini, nendeni Jumatano asubuhi kwa miguu. Mkikuta ukungu, subirini, kwani mara nyingi hufunguka jua likipanda.

Kuhusu vyumba kuna jambo ambalo ndugu wawili hukumbana nalo. Ukipiga simu ukaomba "dabo," utapewa kitanda kimoja kikubwa. Tena zipo gesti zenye tangazo mapokezi kwamba wanaume wawili hawalali chumba kimoja, na kueleza kwamba mmenyonya ziwa moja hakusaidii saa 4 usiku. Sema waziwazi tangu kwenye simu: "Tuko wanaume wawili, ndugu, tunataka chumba cha vitanda viwili." Wakikataa, uliza bei ya singo mbili. Wakati mwingine tofauti ni ndogo.

Alhamisi ndiyo siku yenye mtego. Mabasi ya Lushoto kwenda Dar huondoka alfajiri, na si yote yanayopita njia moja. Wakati wa kukata tiketi uliza: linapita Chalinze au Bagamoyo? Likipita Bagamoyo, mnashuka mlangoni. Likipita Chalinze, mnashuka Msata, mnatafuta haisi ya kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo. Nauli huenda mkatozwa ya mpaka Dar. Lipeni tu, msigombane. Kosa la kawaida ni kumwachia konda akukumbushe. Mkivuka daraja la Wami, amkeni, wekeni mabegi mapajani, kwa maana Msata iko mbele kidogo na gari haligeuzwi kwa ajili ya mtu aliyesinzia.

Ijumaa tulianzia Kaole, kilomita tano kwa bajaji, mapema kabla ya joto. Simama kwenye magofu ya misikiti utazame upande wa bahari: unaona mikoko, kwani bandari ya zamani ilizibwa na tope na miti hiyo. Kisha misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Tulimaliza kabla ya sala ya Ijumaa, tukaacha Ngome Kongwe na Caravanserai, kituo cha kale cha misafara, kwa baada ya chakula, na samaki wa kukaanga ufukweni mwishoni.

Fedha zote zilipita kwenye simu yangu, ili hesabu iwe mahali pamoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Jumamosi na Jumapili niligharimia mimi, kuanzia Jumatatu tuligawana nusu kwa nusu, na juu ya makisio yote tuliongeza asilimia 20. Karibu yote ya akiba hiyo iliishia kwenye bajaji na bodaboda, nauli ambazo hakuna anayekumbuka kuziandika.

Tulitoka Bagamoyo saa 11 jioni, kwa kuwa Ijumaa foleni huanza Bunju na kukazana hadi Mwenge. Sanduku hatukulifuata kwa binamu. Yeye ndiye aliyelileta uwanjani, tukakutana mlango wa wanaoondoka saa 3 na robo.