Kijana wa wamishonari, Kijabe hadi Marekani

Mtoto wa wamishonari wa Kimarekani akizaliwa Kenya, wazazi waombe ubalozi wa Marekani ripoti ya kuzaliwa nje, hati inayothibitisha uraia wake wa Marekani, kabla hajafikisha miaka 18. Umri huo ukipita haitolewi. Anayesumbuka zaidi ni mzazi ambaye naye alilelewa Afrika. Kama mwenzake si Mmarekani, lazima athibitishe kuwa kabla mtoto hajazaliwa aliishi Marekani miaka 5, miwili kati yake baada ya kutimiza miaka 14. Vyeti vya shule vya kuthibitisha hayo vitafutwe mapema, sio asubuhi ya miadi!

Rift Valley Academy, shule ya bweni ya watoto wa wamishonari huko Kijabe, Kenya, husoma miezi mitatu, hupumzika mmoja, na darasa la mwisho humaliza Julai. Vyuo vingi Marekani hufunguliwa Agosti. Kijana anatua hana leseni ya udereva, na chuo cha jimbo huenda kikamtoza ada ya wasio wakazi wa jimbo kwa kuwa wazazi hawana makazi pale.