Jaji Mkuu anapatikanaje? Someni ibara ya 118

Kuna watu naongea nao wanaamini kabisa Jaji Mkuu wetu anapigiwa kura na majaji wenzake, wengine wanasema anathibitishwa na Bunge kama Waziri Mkuu. Hakuna kitu kama hicho jamani. Ibara ya 118 ya Katiba ya Tanzania inasema Rais anamteua kutoka kwa watu wenye sifa za kuwa Jaji wa Rufani, basi, na huyo ndo anaongoza Mahakama ya Rufani na mhimili mzima wa Mahakama.

Sasa kinachonisumbua mimi ni hiki. Jaji wa Mahakama Kuu, Rais hamteui mpaka ashauriane na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Jaji Kiongozi, yule mkuu wa Mahakama Kuu, hivyohivyo. Jaji wa Rufani, lazima ashauriane kwanza na Jaji Mkuu. Ukifika kwa Jaji Mkuu mwenyewe, yule wa juu kabisa, Katiba haimtaji mtu hata mmoja wa kushauriana naye! Yani kadri cheo kinavyopanda ndo macho yanayoangalia yanapungua, wakati huyu ndo anapanga jopo gani lisikilize rufaa gani, na baada ya Mahakama ya Rufani hapa nchini huna pengine pa kukata rufaa. Halafu kumtoa ndo inaundwa tume maalum, ndani yake wakiwemo majaji wa nchi za Jumuiya ya Madola, ulinzi mzuri sana huo na naukubali, ila kwanini umakini wote uko mlango wa kutokea na wa kuingilia hakuna?

Tumeona pia 2017, baada ya Jaji Mkuu Chande Othman kustaafu Januari, Profesa Ibrahim Juma akakaa kaimu Jaji Mkuu mpaka Septemba ndo akathibitishwa. Mkuu wa mhimili anakaimu miezi yote hiyo na anayesubiriwa aamue ni mkuu wa mhimili mwingine, hilo halijakaa sawa hata kama kaimu ni mtu safi kiasi gani. Akafikisha miaka 65, umri wa kustaafu, mwaka 2023, akaongezewa muda, mpaka 2025 alipoteuliwa Jaji George Masaju. Simsemi mtu hapo, nasema utaratibu.

Wenzetu Kenya Jaji Mkuu anasailiwa hadharani na Tume yao ya mahakama, 2021 Martha Koome tulimwangalia laivu kwenye tivii anaulizwa maswali, kisha jina likaenda bungeni. Na rais wa Mahakama yao ya Rufaa anachaguliwa na majaji wenyewe wa mahakama hiyo, ndivyo alivyopatikana Daniel Musinga mwaka huohuo.

Mimi hata siombi tufike huko kwa mara moja. Naomba Tume ipokee maombi, ifanye usaili, impe Rais majina matatu na sisi wananchi tuyajue kabla hajachagua. Ni kurekebisha ibara moja tu.